Kagua chumba chenyewe, si cha maonyesho

Ukienda kuangalia hoteli ya umiliki wa zamu, yaani unakonunua haki ya kukaa kipindi fulani kila mwaka, chumba cha kwanza huwa cha maonyesho: godoro jipya, rangi mbichi. Omba kile kitakachoandikwa kwenye mkataba, au cha daraja hilohilo kilichotumika miaka kadhaa. Fungua kabati la chini ya sinki. Mbao zikiwa zimevimba na harufu ya ukungu inakupiga, bomba linavuja na hakuna anayeshughulika. Washa kiyoyozi, fungulia maji ya moto dakika tano.

Dai ankara za ada ya matunzo za miaka mitano iliyopita; hupanda, na utadaiwa hata usipokanyaga pale. Usisaini siku hiyohiyo, tafadhali. Katika Umoja wa Ulaya una siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu.