Urubani, nikiutazama kutoka Luano

Vijana wa Lubumbashi wanaoniuliza kuhusu urubani huanza na mshahara. Mimi huanza na saa za kuruka, kwani ndizo zinazoamua nani atabaki katika kazi hii. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya rubani wa biashara kwa kawaida hudai saa 200, na ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria saa 1,500, na saa za mwanzo mara nyingi hulipiwa na familia. Kwa hiyo wenye vipaji wasio na fedha huishia njiani, hasa wasichana. Duniani kote wanawake hawafiki hata mmoja kati ya marubani kumi.

Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, uko mita 1,300 hivi juu ya bahari. Adhuhuri ya Oktoba hewa huwa nyepesi kwa joto, ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, nasi hupiga upya hesabu ya uzito, pengine tukishusha mizigo, jambo ambalo wafanyabiashara (nawaelewa) hulichukia.

Baada ya umri wa miaka 60 sisi marubani tunapimwa afya kila miezi sita, na tukifikisha 65 tunaondoka kwenye safari za kimataifa za biashara.