Pochi yangu ya mafuta ilifanyia mtihani Njombe

Aliyeniponza ni shemeji yangu. Nilipomwambia naenda Manchester kumwona dada na nitabeba begi la mkononi tu, akanidaka hapo hapo: "Shemeji, usithubutu kuweka vitu kwenye nailoni. Plastiki imepigwa marufuku, watakushusha." Kwa kuwa yeye ameshafika Dubai, tena mara mbili, nikamwamini. Nikanunua kipochi cha ngozi chenye kioo ndani na ndoano ya kutundikia. Elfu thelathini na kitu. Nilijiona mtu.

Marufuku ya mifuko ya plastiki Tanzania kweli ipo, ilianza Juni 1, 2019. Ila tangazo lenyewe liliiacha mifuko ya zipu ya kuwekea vipodozi, kwa kuwa msafiri anaingia nayo na kuondoka nayo. Hayo niliyasoma nikiwa nimeshaula wa chuya.

Uwanja wa kubadilishia ndege, mkaguzi mmoja kijana akaniambia nitoe kila kitu kwenye ngozi yangu nikitie kwenye mfuko mmoja unaoonyesha, wa lita moja. Havikuenea hata nusu. Losheni ilikuwa imebaki kidogo chini, nikaitikisa ili aone. Akanigeuzia chupa, akaweka kidole kwenye 250 ml. Mwisho ni 100, na wanasoma chupa, hawana habari na kilichobaki ndani.

Zamu ya mafuta ya nazi. Dar yaliondoka maji maji. Pale kwenye kiyoyozi yalikuwa yameganda, meupe kama samli. Nikaona nimepata pa kuponea. Nikafungua kopo, nikalipindua mbele ya macho yake, hata tone halikudondoka. Si maji haya! Kijana akacheka mpaka akamwita mwenzake aje aone, halafu akalitupa kwenye pipa. Krimu, jeli, dawa ya meno, siagi ya karanga, kwao vyote ni maji. Na shampuu niliyoruhusiwa kubaki nayo ilivuja njiani, ikanywewa na kitambaa cha ndani cha ngozi. Kipochi kinanukia mpaka leo.

Safari ya pili nikasema sisikilizi mtu. Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikapata pochi laini inayoonyesha, ya zipu, kama sentimita 20 kwa 20, elfu sita au saba. Zipo na zile ngumu zenye kuta, zinapendeza, lakini hata zikiwa tupu zinajaza nafasi na nyingi zinapita lita. Vichupa ndio vilinitesa. Kila muuzaji anaapa, "Haivuji hii, dada." Nikanunua aina sita, kimoja kimoja, nikavipeleka Njombe.

Naam, Njombe. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani inakuwa nyepesi kama ya mlimani, mita 1,800 mpaka 2,400 hivi. Hewa uliyoifungia kwenye kichupa huku pwani inatanuka na kutafuta pa kutokea, inatoka na shampuu yako. Sasa Njombe iko karibu mita 2,000, na mimi nilikuwa na harusi kule. Nikajaza maji yenye rangi nyekundu ya chakula, nikavizungushia tishu nyeupe kimoja kimoja, pochi nikaipakata kwenye basi.

Mpaka Morogoro kimya. Tulipomaliza kupanda mlima Kitonga nikachungulia: kimoja cha kubofya kifuniko kimeanza kulia. Makambako, viwili. Nikavitoa nivikague vizuri, mzee niliyekaa naye akashtuka: "Mwanangu, unatoka damu?" Nikamweleza. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaomba kubadilishana siti na mtu wa nyuma.

Vilivyofika Njombe vikavu ni vitatu, vyote vya kuzungusha kifuniko. Vya kubofya na cha kupuliza vilifeli. Kurudi Dar nikagundua na jingine: ukikiminya kichupa hewa itoke kabla ya kufunga, kinabaki na nafasi ya kutanukia. Nacho kiwe laini, kigumu hakiminyiki.

Sabuni nilibeba ya kipande, hiyo hawaihesabu. Mafuta ya nazi nikayapunguza kwenye kikopo cha 50 ml. Na usidanganywe kwamba viwanja vimeweka skena mpya siku hizi hivyo beba tu chupa kubwa. Vipo kweli, lakini anayekubana ni yule mkali kuliko wote njiani.

Uwanja ule ule, foleni ile ile. Mkaguzi, safari hii mama wa makamo, akainua pochi kwenye taa, akaigeuza mara moja, akairudisha kwenye trei. Hazikufika sekunde tano. Nilitamani nimsimulie habari za Njombe, ila nyuma yangu kulikuwa na watu.