Asubuhi Niliyochagua Bunduki ya Shabaha

Nilikuwa nimesoma mpaka macho yakachoka. Nilichotaka hakikuwa kikubwa: bunduki moja ya kiwandani, itoke kwenye boksi lake ikiwa tayari, niilaze juu ya mifuko ya mchanga pale kwenye benchi na kutoboa karatasi kwa raha zangu. Si ya mashindano wala ya kuwindia. Ila nilitaka ipige pale pale, maana bunduki inayotawanya risasi haikufundishi kitu. Ukikosa, hujui kama ni mkono wako, ni upepo, au ni chuma chenyewe.

Mzee mmoja wa pale uwanjani, mtu aliyezeekea kwenye shabaha, alinisikia nikiulizauliza watu. Akaniita pembeni. "Mwanangu, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Njoo Jumamosi mapema, kabla upepo haujaamka. Nitakuja na zangu, ulenge mwenyewe."

Alikuja na bunduki nne, akazipanga juu ya meza, bolti wazi, chemba (chumba cha risasi) tupu, midomo yote ikielekea kwenye tuta. Kwanza akanikalisha kwenye ile ya risasi kubwa, .308, yenye mtutu mnene. Mita 100, risasi tano. Ilinipiga teke la begani lenye heshima zake, na matundu yakakaa ndani ya upana wa milimita 25 hivi. Hiyo ni kazi nzuri sana, kwa sababu dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya sitini ya digrii, kipimo ambacho watu wa shabaha huapia, kwa umbali ule ni milimita 29. Nilifurahi. Lakini baada ya kundi la pili mtutu ulikuwa hauguswi, tukakaa tukisubiri upoe, na bega likaanza kunikumbusha kwamba lipo. Mzee hakusema kitu. Alisubiri nami, akaniuliza, "Ungependa kukaa hapa asubuhi nzima hivi?"

Nikajua jibu langu. Raha niliyokuwa naitafuta ni ya kufyatua risasi nyingi, polepole, nikisoma kila tundu. Kwa hiyo tukahamia kwenye zile tatu zilizobaki, za risasi ndogo ya .22 LR, tukasogeza karatasi hadi mita 50.

Watu wengine huidharau .22 wakidhani ni ya watoto kujifunzia. Mimi naiona ndiyo mwalimu mkali kuliko zote. Risasi yake ina gramu 2.6 tu, na zile za shabaha huondoka kwa mwendo wa mita 330 hivi kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti. Wanaozitengeneza wanafanya hivyo makusudi, kwa kuwa risasi inayoanza juu ya kasi ya sauti kisha ikashuka chini yake njiani huyumbishwa na mpito huo. Ila polepole ile ina gharama: risasi inachelewa kutoka mtutuni, na ukitikisika wakati triga imeshaachia, karatasi itakusema. Upepo nao unaisukuma utakavyo. Mzee alikuwa amefunga utepe mwembamba kwenye kijiti katikati ya uwanja, na kila ulipoinuka alinigusa bega, tunangoja ulale.

Kati ya hizo tatu, Tikka T1x ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote, bolti yake ikiteleza kama imepakwa mafuta ya nazi. Ningeichukua bila kufikiri kama ningetaka pia kutembea nayo. Juu ya mifuko, hata hivyo, nilitamani kitu kizito zaidi, kitakachotulia chenyewe.

Halafu akanipa CZ 457, ile iitwayo Varmint MTR. Mtutu mnene, na kitako chake mbele ni kipana, kikakaa kwenye mfuko bila kulalia upande. Kabla sijalenga, mzee alichomoa kipande cha karatasi mfukoni, akakipitisha kati ya mtutu na mti wa kitako, akakivuta taratibu mpaka karibu na chemba. Hakikukwama popote. "Mtutu usiguswe na kitu," akasema. "Ukiguswa, kila risasi itakuwa na hadithi yake." Nilipofunga bolti nilisikia ikisita kidogo mwishoni: chemba ile imebanwa kwa ajili ya shabaha, na risasi inagusa kidogo mifereji ya ndani ya mtutu kabla hujafyatua. Inaanza safari ikiwa imenyooka tayari.

Triga iliachia safi, bila kukokota. Risasi tano zikafanya tundu moja lenye kingo za kuchanika, ambalo ungelifunika kwa kidole gumba. Tukapima kutoka ukingo hadi ukingo, tukatoa milimita 5.7 za upana wa risasi yenyewe, zikabaki milimita 9. Dakika moja ya pembe kwa mita 50 ni milimita 14.5.

Ya nne ilikuwa Anschütz yake ya zamani, yenye triga ya hatua mbili. Niseme wazi kwamba sijawahi kugusa triga tamu kama ile. Lakini ile ni bunduki ya mtu wa mashindano, kitako chake kimejaa skrubu za kurekebisha kila kona ya mwili, na bei yake ni ya watu hao. Kwa anayetaka kukaa benchini na kutulia, ile CZ ilinipa karibu yote niliyoyahitaji.

Kilichonigusa kuliko bunduki zote kilikuja mwisho. Mzee alitoa maboksi mawili ya risasi, jina moja, rangi moja, yakitofautiana tu namba za toleo, yaani kundi la risasi zilizotengenezwa pamoja, zilizopigwa pembeni. CZ ile ile, mikono ile ile, utepe umelala. Toleo la kwanza likaweka matundu yakiwa yameshikana. La pili likayafungua karibu mara mbili. Tukarudia, ikawa vile vile. "Na usinunue namba yangu ukadhani itakufaa," akanionya. "Huo ni mtutu wangu. Wako utachagua wake."

Nilinunua CZ 457 MTR wiki ile ile, na pamoja nayo boksi moja moja ya matoleo tofauti ya risasi za shabaha. Nilizilenga zote kwa mita 50, nikiandika namba ya kila toleo kwenye karatasi yake. Mtutu wangu ulipenda toleo moja la risasi za SK Standard Plus, si namba ile uliyoipenda mtutu wa mzee, nami nikarudi dukani siku hiyo hiyo nikachukua maboksi yote ya namba ile yaliyokuwa yamebaki.