Wakili akijitoa, kesi haijitoi

Shangazi yangu anakaa Likoni, katika nyumba ambayo ni yake juu ya ardhi ambayo si yake. Ndiyo mambo yetu ya Mombasa, nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi anataka ibomolewe, na kesi iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Juzi akanijia na bahasha kibandani kwangu Mwembe Tayari, nimezama kwenye sare za shule. "Mwanangu, yule wakili kanikimbia."

Hakuwa amekimbia. Alikuwa ameomba korti imruhusu kujitoa kwa kuwa ada haijalipwa. Wengi wetu twadhani wakili akiacha kupokea simu basi keshatoka. Bado. Kanuni za kesi za madai za mwaka 2010, Amri ya 9, zinamtaka aombe ruhusa na mteja apewe taarifa. Mpaka amri ya korti ya kumwachilia itolewe na wahusika wote waipate, yeye angali wakili wako, na barua za upande wa pili zaenda kwake.

Shangazi hakutaka kwenda kortini ombi hilo likisikizwa. "Niende kutangaziwa deni mbele za watu?" Nikamwambia aende, tena mapema. Mara nyingi korti humwachilia wakili, maana haipendi kumlazimisha mtu afanye kazi bure. Lakini aliyefika aweza kuomba muda wa kutafuta mwingine. Asiyefika, tarehe ya kusikizwa yaja vilevile, na yeye akiwa ndiye aliyeshtakiwa, kesi yaweza kusikizwa bila yeye. Alienda, akapewa muda.

Deni nalo lina njia yake. Wakili hawezi kukushtaki kwa ada mpaka mwezi mmoja upite tangu akukabidhi bili, ndivyo Sheria ya Mawakili isemavyo katika kifungu cha 48. Ukiona bili imepigwa chumvi, Naibu Msajili wa korti aweza kuipitia kipengele kwa kipengele. Shangazi alikuwa akilipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, risiti hana, basi tukaomba taarifa ya laini yake. Hapo ndipo sauti ya karani wa yule wakili ilipolainika.

Kilichoniuma mimi ni faili. Sheria inamruhusu wakili kushikilia karatasi za mteja mpaka alipwe. Hati zilizowasilishwa kortini nakala zapatikana, lakini risiti za kodi ya ardhi, aliyokuwa akimlipa mwenye ardhi marehemu mjomba, mumewe shangazi, mwaka baada ya mwaka, ni zile zile tu, na ndizo kinga ya shangazi. Najua wakili naye ana kodi ya ofisi na watoto. Hata hivyo, kumshikia mjane karatasi za paa lake naona ni uzito usiolingana na deni.

Tulielewana na wakili hivi: alipe sehemu sasa, salio liandikwe kwa awamu, faili ipewe wakili mpya. Huyo tulikuwa bado hatujampata, kwa hiyo nikampeleka Kituo Cha Sheria, wana ofisi hapa Mombasa na husaidia wasio na uwezo.

Siku ya kuchukua faili shangazi alikataa kutia sahihi kabla ya kuhesabu risiti zote. Karani akapumua kwa nguvu. Mbili hazikuwamo; zikapatikana kwenye faili ya mtu mwingine kabisa. Bili yenyewe bado twaibishia.