Mama, hawa ni Wathai na ni Wachina

Watu wengi wakiona kibao cha mgahawa kimeandikwa "Thailand na China" hupita. Wanasema anayepika vya nchi mbili hawezi kupika vya hata moja vikanoga. Mama yangu ni mmoja wao. Juzi tulikuwa kwenye jumba la maduka, mifuko mikononi, miguu imechoka, nikamvuta mpaka kwenye mgahawa wa namna hiyo: meza tupu zisizo na vitambaa, menyu ya picha, jiko limetenganishwa na wateja kwa kioo tu. Alipofungua menyu akauliza, "Mwanangu, hawa ni Wathai au ni Wachina?"

Nilimwambia ni wote, na si jambo la jana. Wachina waliohamia Siam, jina la zamani la Thailand, kwa wingi walikuwa Wateochew, watu wa pwani ya mashariki ya jimbo la Guangdong. Mfalme Taksin, aliyeiunganisha upya nchi baada ya mji mkuu wake, Ayutthaya, kuanguka mwaka 1767, baba yake alikuwa Mteochew. Mwaka 1782 mji mkuu ulipohamishiwa ng'ambo ya pili ya mto Chao Phraya, Wachina waliokuwa wakikaa pale palipotakiwa kujengwa kasri walihamishiwa Sampheng, na huko ndiko ulikokulia mtaa wa Wachina wa Bangkok, ambao leo watu wanaujua zaidi kwa barabara yake ya Yaowarat. Walikuja na karai, mchuzi wa soya, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) na tambi za mchele. Wakakuta mchuzi wa samaki, ukwaju, mchaichai, ndimu, tui la nazi. Hata pilipili, ambayo sasa hatuwezi kukiwazia chakula cha Kithai bila hiyo, ilikuwa mgeni mwenzao: asili yake ni bara la Amerika.

Kwa hiyo menyu ile haikuunganishwa na mfanyabiashara aliyetaka kuwanasa wateja wa pande zote. Iliunganishwa na watu waliooana na kupika jiko moja kwa vizazi. Chukua pad thai, tambi za kukaanga, chakula ambacho kila mtu anakitaja akiitaja Thailand. Tambi zake, tofu yake na namna ya kukaanga ni za Kichina. Ukwaju na mchuzi wa samaki ndivyo vinavyoigeuza kuwa ya Kithai. Iliyoivumisha ni serikali ya waziri mkuu Plaek Phibunsongkhram, ile ile iliyobadili jina la nchi kutoka Siam kuwa Thailand mwaka 1939. Na wali wa kuku wanaouita khao man kai, mchele uliopikwa kwa supu na mafuta ya kuku yule yule, ulitoka kwa watu wa kisiwa cha Hainan.

Mama alisikiliza, kisha akasema tuagize basi, ana njaa.

Tuliagiza tom yum ya kamba, yaani supu kali yenye uchachu, pad see ew ya nyama ya ng'ombe, yaani tambi za kukaanga, kuku wa kukaanga na rehani, na wali mweupe, vyote viwekwe katikati. Hili nalisisitiza kila ninapokula na mtu mgeni wa vyakula hivi: usiagize sahani yako peke yako. Kuku yule ana chumvi na pilipili nyingi kwa sababu amekusudiwa kuliwa kidogo kidogo na wali, huku ukichota na supu kali pembeni. Ukimla peke yake utamlaumu mpishi bure.

Nilichagua meza ya karibu na kioo makusudi. Pad see ew ni tambi pana za mchele, mchuzi wa soya mweusi, yai na mboga za majani, basi. Hakuna cha kujificha nyuma yake. Utamu wote unatoka kwenye moto. Karai la chuma liwe limepata joto mpaka linatoa moshi, tambi ziingie chache, zirushwe, zishike kingo na kuungua kidogo tu. Mpishi akijaza karai kwa sababu foleni ni ndefu, joto linashuka, tambi zinatoa maji, unaletewa kitu kimoja kilicholowa na kugandana. Yule dada wa jikoni alikuwa akipika sahani moja moja. Nilimwangalia kwa heshima kubwa. Tambi zilipofika zilikuwa na ile harufu ya moshi ambayo jiko la nyumbani halinipi, hata nikifungua gesi yote.

Tom yum haikunifurahisha vile. Ilikuwa tamu mno, ndimu haisikiki, nadhani wameizoesha kwa wateja waoga. Lakini tulikuwa na dawa yake mezani: vile vibakuli vinne vya sukari, mchuzi wa samaki, pilipili iliyopondwa na siki yenye vipande vya pilipili. Wengi huviacha wakidhani ni mapambo, au kwamba kuvigusa ni kumtukana mpishi. Sivyo kabisa, vimewekwa ili kila mtu atengeneze ladha yake. Onja kwanza, ongeza kidogo, onja tena. Nilitia siki na mchuzi wa samaki, supu ikaamka. Mama alikuwa amekwishaanza kutafuna kipande cha mchaichai. Nikamwambia hicho, na mizizi, na yale majani magumu, ni vya kutoa harufu, vinaachwa bakulini.

Aliomba vijiti, akaletewa, akavijaribu kwenye tambi. Kwenye wali akarudi kwa kijiko na uma, na hivyo ndivyo Wathai wenyewe wanavyokula: uma unasukuma, kijiko kinapeleka mdomoni.

Kuku alibaki, tukafungiwa. Tambi nilihakikisha zimekwisha pale pale, maana tambi za mchele zikipoa ndani ya kopo hushikana na kukakamaa, na moshi wote unapotea. Ukitaka kubeba kitu, beba wali na kuku. Pad see ew uile ukiwa umekaa, karai likiwa bado linasikika.