Mita kwanza, kodi baadaye: nilivyohamia Tanga kutoka Mombasa

Kila niliyemwambia nahamia Tanga kikazi alinijibu maneno yaleyale: "Tanga ni Mombasa ndogo. Kiswahili unacho, ukifika umefika." Ushauri huo ulinitia hasara, na bado unaniudhi kila nikisikia mtu mwingine anapewa. Kiswahili ndicho kinachokufanya uone haya kuuliza, na mambo ya kupanga nyumba huku hayaendi kama kwetu.

Mpakani Horohoro sina mengi. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Viza hatulipi sisi wa Afrika Mashariki, lakini muhuri wa kuingia ni wa kutembea, si wa kufanya kazi. Kibali cha kazi na kibali cha ukaazi cha daraja B ni vitu viwili tofauti, na mwajiri wako ndiye anayeviomba. Usianze kazi kwa kuambiwa "vinashughulikiwa". Malipo ya serikali hupitia kontroo namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Mtu akitaka umpe hela mkononi akulipie, mwombe hiyo namba ulipe mwenyewe kwa simu.

Sasa nyumba. Mombasa umezoea kodi ya mwezi mmoja na dipoziti. Huku dipoziti si kawaida, ila utaombwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Juu yake dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, na hiyo inatoka mfukoni mwako, si kwa mwenye nyumba. Kabla ya hapo kuna hela ya kuoneshwa, elfu tano au kumi kila mzunguko, upate usipate. Kwa hiyo chumba na sebule cha laki moja kinataka laki saba taslimu. Mimi nilipata kulipa miezi mitatu kwa sababu nilimwomba mwenye nyumba mwenyewe, ana kwa ana, baada ya dalali kuondoka. Dalali hana haja ya kukupunguzia. Na ukifika kwa mtu mzima, anza na shikamoo, kaa ulipooneshwa, jibu habari za nyumbani hadi ziishe. Kwetu Mombasa salamu hii tumeilegeza. Tanga ukiiruka, mazungumzo ya kodi yanakuwa mafupi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Ngamiani, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba. Wapangaji wanne, mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Niliuliza habari ya "stima" nikaona sieleweki. Huku ni umeme, na tokeni ni luku, unanunua luku. Bibi mwenye nyumba akanipa utaratibu wake:

"Kila chumba elfu kumi na tano kwa mwezi, mwanangu. Mwenye friji anaongeza kumi na tano."

"Na pasi, bibi?"

"Pasi usiwashe usiku tu."

Nikakubali. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu elfu thelathini kwa mwezi sikujua inanunua nini. Hesabu yake ni hii, na inafaa uijue kabla ya kusaini popote. Kuna daraja la D1 la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti yao ni shilingi 100. Wengine wako T1, shilingi 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, ada ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, kwa hiyo uniti moja ya T1 inafika kama shilingi 356. Elfu tano ya T1 inakupa uniti 14; elfu tano hiyohiyo ya D1 inakupa kama 41. Mwenye nyumba anaweza kukwambia kwa dhati kabisa kwamba mita yake ni ya bei ndogo, kwa sababu ilikuwa hivyo alipokuwa akiishi peke yake. Wapangaji wanne na friji mbili hawawezi kubaki chini ya uniti 75. Usibishane naye, omba risiti ya mwisho ya luku ugawanye.

Dawa ni mita ndogo ya ndani. Maduka ya vifaa vya umeme wanayo, elfu thelathini na kitu, na fundi alichukua kama kumi. Inakaa baada ya swichi kubwa, kwenye laini inayokwenda chumbani kwako tu. Ina matundu manne ya nyaya: laini kuingia, laini kutoka, nyutro kuingia, nyutro kutoka. Fundi akikwambia nyutro haina haja ya kupita humo, tafuta mwingine. Kabla hajafunika, mwambie akaze skrubu mbele yako, maana waya uliolegea hupata moto na kuunguza kichwa cha mita.

Mwezi wa kwanza ilisoma uniti 68. Kwangu kulikuwa na friji ndogo, feni, televisheni na taa nne. Nilijua imezidi, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima, na pembeni pameandikwa 1600 imp/kWh. Maana yake ikiwaka mara 1600, uniti moja imekwisha. Saa tatu usiku nikazima kila kitu, nikachomoa friji ukutani, nikasimama na simu mkononi nikihesabu dakika. Mita ya chumba kisichotumia umeme haitakiwi kuwaka kabisa. Yangu iliwaka mara nane kwa dakika tano. Nane kwa dakika tano ni 96 kwa saa. Gawa kwa 1600, unapata uniti 0.06 kwa saa, yaani wati 60. Kitu cha wati 60 kilikuwa kinakula kwangu na hakikuwa changu. Nikashusha swichi ya laini yangu. Korido ikawa giza, uani giza, na taa ya msalani ikazimika, mtu akiwa ndani.

Balbu tatu za wati 20. Zinawashwa magharibi, zinazimwa alfajiri, muda wa saa kumi na mbili kila usiku. Kwa mwezi ni uniti 21 na kitu, zaidi ya shilingi elfu saba na mia tano, na kila mpangaji aliyepita chumba kile alizilipia bila kujua. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, fundi wa zamani alichukua laini iliyokuwa karibu. Tulizihamishia kwenye laini ya wote tukagawana kwa wanne. Mwezi uliofuata nilisoma 47, nikalipa kwa hesabu ya mita, kama elfu kumi na saba badala ya thelathini. Miezi miwili baadaye wenzangu watatu nao walikuwa na mita zao, na yule bibi ndiye aliyekuwa akipita na daftari kusoma namba kila tarehe moja.

Ukigawa bei ya uniti, ondoa kwanza kodi ya jengo iliyomo kwenye risiti. Hukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa, nayo kisheria ni ya mmiliki, si ya mpangaji. Nyumba ikikaa bila mtu, kodi hiyo haikai, inalimbikizana ikimsubiri atakayenunua luku.

Nilipopata nyumba nzima Usagara, iliyokuwa tupu nusu mwaka, sikutoa kodi kwanza. Niliisoma namba ya mita mwenyewe ukutani, tarakimu 11, nikanunua luku ya elfu kumi palepale. Zilikuja uniti 2.8. Elfu tisa zilikuwa zimekatwa, miezi sita ya kodi ya jengo. Nikamwonesha mwenye nyumba ujumbe kwenye simu, akazitoa elfu tisa kwenye kodi yangu ya pango, na tukaandika kwenye mkataba kwamba kila mwezi 1,500 ni juu yake.

Mkataba huo, pamoja na nakala ya pasipoti na picha, upeleke ofisi ya serikali ya mtaa upate barua ya utambulisho. Benki nyingi wataiulizia. Mtungi wako wa gesi wa kilo 13 uache Mombasa, huku ni kilo 6, 15 na 38, hutapata wa kubadilishana nao. Laini ya simu sajili kwa pasipoti yako na alama za vidole, usikubali ya jina la mtu, kwa sababu hela zako zote na luku yako vitapita humo. Samaki nunua soko la Deep Sea mapema, kabla jua halijawa kali.