Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima na maswali ya atomu

Kazi yangu ina pande mbili. Natunza maabara ya atomu baridi, yaani atomu zinazopozwa kwa mwanga wa leza, na najibu maswali ya wanafunzi wanaosoma fizikia ya kwanta. Pande hizo hazitenganiki, kwa sababu majibu mengi yamo ndani ya mtambo wenyewe. Hivi ndivyo jana ilivyokwenda.

Saa 1:30 asubuhi. Nilianza na leza, kabla ya mtu yeyote kufika. Tunatumia atomu za rubidi, na mwanga tunaozipa ni wa nanomita 780, masafa ya karibu terahezi 384. Leza ikiteleza megahezi sita tu, wingu letu la atomu linaanza kuharibika. Hiyo ni kama kukosea sehemu moja katika milioni sitini. Leza haiwezi kutulia hivyo peke yake. Chumba kikipata joto kidogo, masafa yanahama. Kwa hiyo tunapitisha sehemu ya mwanga kwenye kichupa chenye mvuke wa rubidi, na atomu zilizomo ndizo zinazotuonyesha kama tuko mahali pake. Nilizungusha kitufe polepole, macho kwenye skrini, mpaka kile kilele chembamba ninachokijua kikajitokeza kwenye mstari. Nikabonyeza, leza ikashika.

Saa 2:30. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alinikuta bado nimesimama. "Mwalimu, leza inakata chuma. Itapozaje kitu?"

Swali hili nalipenda kuliko yote, na huwa silijibu kwa haraka. Nilimvutia kiti, nikampa kalamu. Atomu ya rubidi kwenye joto la kawaida la chumba hukimbia karibu mita 270 kwa sekunde. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ikija uso kwa uso, inaipunguzia milimita sita tu kwa sekunde. Akacheka, maana ni kidogo mno. Nikamwambia aendelee. Atomu ikishameza fotoni hukaa nayo nanosekunde 26 kwa wastani, inaitema, iko tayari kwa nyingine. Mwanga ukiwa mkali wa kutosha, inaweza kumeza karibu milioni 19 kwa sekunde. Akagawanya mwenyewe: fotoni kama 45,000 zinatosha kuisimamisha, ndani ya milisekunde mbili na nusu hivi. Breki hiyo ina nguvu zaidi ya mara elfu kumi ya uvutano wa dunia. Alirudia hesabu upya, na sasa hakucheka.

"Lakini fotoni zikitoka nyuma si zitaisukuma mbele?" Hapo ndipo penye utamu. Masafa ya leza tunayaweka chini kidogo ya yale atomu inayoyataka. Atomu inayoelekea kwenye mwale huyaona yamepanda, kama mlio wa gari la wagonjwa linalokujia, hivyo inameza fotoni za mbele yake na kuziacha nyingi za nyuma. Weka miale sita, kutoka kila upande, na popote inapoelekea inakutana na upinzani, kama mtu anayetembea ndani ya asali. Akauliza tena, na hilo lilinifurahisha zaidi: hilo joto linakwenda wapi? Linatoka na mwanga. Kwa wastani fotoni inayotemwa ina nishati kubwa kidogo kuliko iliyomezwa, na nyongeza hiyo imetolewa kwenye mwendo wa atomu.

Saa 4:00. Kundi la watu sita lilikuja kuona wingu. Kwenye skrini ya kamera ni doa jeupe, dogo kama punje ya mchele, limening'inia katikati ya chumba cha ombwe bila kugusa chochote. Nikiwa katikati ya maelezo, doa likatoweka. Leza kuu ilikuwa sawa, sumaku sawa. Ilikuwa leza ya pili, ile dhaifu, imeachia masafa yake.

Wageni huwa hawaiulizi leza hiyo, na jana ilijitambulisha yenyewe. Mara chache, atomu ikitema fotoni huangukia hali nyingine ya chini ya nishati, iliyo mbali na ya kwanza kwa gigahezi 6.8. Ikifika huko haiuoni tena mwanga wa leza kuu. Mara chache hizo, ukizizidisha kwa mamilioni ya fotoni kwa sekunde, zinatosha kulifuta wingu lote kufumba na kufumbua. Leza ya pili kazi yake ni kuzirudisha zilizopotea. Nilipoirudisha kwenye masafa yake, doa likajaa taratibu mbele ya macho yao.

Saa 7:00. Maswali ya maandishi. Mmoja aliuliza kama chembe mbili zilizofungamana, yaani ambazo matokeo yake yanahusiana hata zikiwa mbali, zinaweza kupeleka ujumbe kushinda mwanga. Haziwezi. Kila upande huona matokeo ya kubahatisha tu. Uhusiano wake hujitokeza pale madaftari mawili yanapowekwa pamoja, na daftari halisafiri haraka kuliko mwanga. Kuwa uhusiano huo ni wa kweli, majaribio yamethibitisha, na ndiyo yaliyowapa wanafizikia Aspect, Clauser na Zeilinger Tuzo ya Nobel ya 2022.

Saa 9:00. Binti wa uzamili alikuja na sura nzito. Alikuwa anapima halijoto: unazima miale, wingu linaanguka na kutanuka, unalipiga picha baada ya milisekunde tano, kumi, kumi na tano. Kasi ya kutanuka ndiyo halijoto. Kitabu kinasema kikomo cha chini cha kuipoza rubidi ni mikrokelvini 146, yaani sehemu 146 za milioni za digrii juu ya sifuri kabisa. Yeye alikuwa amepata 38.

"Nimekosea wapi, Mwalimu?"

Nilimwambia kwamba mwaka 1988 kikundi cha William Phillips huko Marekani kilipima sodiamu kikapata karibu 40, wakati nadharia ilidai 240. Nao walishuku vipimo vyao, wakapima kwa njia tofauti kabla ya kuamini. Nadharia ndiyo iliyokuwa imeirahisisha atomu mno, ikaipa hali moja tu ya chini. Atomu halisi inazo kadhaa, na ndani ya miale inayopishana hujikuta inapanda kilima, inapofika juu mwanga unaihamishia bondeni, inaanza kupanda tena, na kila mpando unakula mwendo wake.

Hakuridhika kwa maneno, na alikuwa na haki. Tukapanga njia ya pili: zima miale kwa muda mfupi, washa tena, hesabu atomu zilizobaki; kadiri zilivyo baridi ndivyo nyingi zinavyobaki.

Saa 1:15 usiku. Njia ya pili ilitoa 44. Aliandika namba hiyo chini ya 38, akaziangalia kwa muda, kisha akaniomba nisizime leza.